Amina ya Benchi la Mbele

Bibi alistaafu uuguzi, lakini benchi la mbele la kanisa letu la Kimethodisti hakulistaafu. Mchungaji kijana alipohamishiwa kwetu, akawa anababaika mimbarani, Bibi alikuwa akimwitikia "Amina!" mpaka apate nguvu. Babu, mtu wa kimya, alizoea kumnong'oneza, "Bibie, utapasua vioo."

Siku ya kumzika Bibi, mchungaji yule alikabwa na machozi katikati ya mahubiri, akalitazama benchi la mbele. Babu alijua anatafuta nini. Akasimama.

"Amina!"

Sauti ilimtoka kama ya jogoo mchanga. Wajukuu wakacheka, mchungaji naye akacheka, akaendelea kuhubiri. Babu akaketi, akapapasa nafasi ya Bibi.

"Bibie," akanong'ona akitabasamu, "vioo vizima."