Mashine ya Mwelu Yarudi Sokoni

Shule nyingi za pale Machakos zilimjua Mwelu kwa sweta zake. Kwao ni Kalama, lakini alipanga kibanda nyuma ya soko la mjini, na humo ndani alikuwa na mashine ya kufuma aliyoachiwa na shangazi yake. Mkono wa mashine hiyo uliwahi kuvunjika. Fundi wa chuma akauunga kwa kipande cha nondo na kukipaka rangi ya kijani, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Watu waliucheka mkono ule, naye Mwelu hakujali.

Mwezi wa kumi na moja, wazazi wakianza kuagiza sweta za Januari, alifika asubuhi akakuta kufuli limekatwa na meza tupu. Alipiga ripoti kituo cha polisi, akapewa namba ya ripoti, akaambiwa asubiri.

"Vitu vya wizi siku hizi haviendi mbali," mumewe Kiema alimwambia. "Angalia kwa yale makundi ya kuuziana kwa simu."

Basi akawa hana kazi ila hiyo. Makochi, friji, viatu vya mitumba, hata ng'ombe wa maziwa, vyote vilipita chini ya kidole chake. Jioni moja akichambua maharagwe, akauona ule mkono wa kijani. "Mashine ya sweta, iko poa, bei tunaongea."

Hakukurupuka. Aliandika kama mnunuzi yeyote.

"Habari. Bado iko?"

"Iko."

"Nitumie picha ya chini nione kama iko na kutu."

Picha ikaja mara moja, na kile kiungo cha nondo kikamwondolea shaka. Mwelu hakutuma hata shilingi ya kushikia, wala hakukubali kwenda kwa mtu asiyemjua. Alisema wakutane mchana kwenye kituo cha mafuta, mahali penye watu. Kisha akaenda polisi na ile namba yake ya ripoti, na afisa mmoja aitwaye Musili akakubali kuandamana naye akiwa amevaa kiraia.

Siku zile za kungoja alimchora mwizi kichwani: mwanamume, mkavu wa macho, mwenye matusi. Alimwandalia maneno.

Jumamosi, aliyeshuka kwenye bodaboda na mashine imefungwa nyuma kwa mipira alikuwa msichana mwembamba mwenye mtoto mgongoni.

"Mama, ni wewe tumekuwa tukiandikiana? Mimi ni Wanja. Nimetoka nayo Matuu." Akaifungua mwenyewe, akaipangusa vumbi kwa leso ya mtoto. "Hapa imeungwa, sikufichi. Lakini inafanya kazi. Nauza tu kwa sababu huyu mtoto haachi kuugua."

Maneno aliyoyaandaa Mwelu hayakumfaa huyu. Musili alikuwa ameshamshika Wanja mkono.

"Hii umetoa wapi?"

"Nilinunua. Kwa hiyo hiyo group."

"Kwa nani?"

"Alisema anaitwa Jeff. Alisema anahama, ako na haraka. Tulikutana barabarani."

"Ulipiga picha kitambulisho chake? Mliandikishana?"

Wanja akatikisa kichwa. Walipompigia huyo Jeff, simu ilikuwa imezimwa, na ukurasa wake umefutwa.

"Mama, mwambie," Wanja alimgeukia Mwelu, si afisa. "Tuliuza mbuzi wa nyumbani ndio nikainunua."

"Afande, mwachilie," Mwelu akasema. "Mimi nataka mashine yangu tu."

"Hii si yako kuamua tena, mama. Amepatikana na mali ya wizi. Na mashine ni kielelezo cha kesi, inaenda stoo."

Wanja alilala seli na mtoto hadi Jumatatu. Jumapili, baada ya misa, Mwelu aliwapelekea uji. Wanja aliupokea akamnywesha mtoto, ambaye kifua kilikuwa kikimkoroma, wala hakumtazama aliyeuleta.

Mahakamani Wanja aliachiliwa kwa dhamana ya kaka yake, na kesi ikaanza kuahirishwa. Januari ikaja, shule zikafunguliwa, sweta zikafumwa na wengine.

"Ulifanya vile inatakiwa," Kiema alimwambia mkewe.

"Najua," Mwelu akajibu.

Siku moja walijikuta kwenye benchi moja nje ya chumba cha mahakama.

"Mtoto anaendeleaje?" Mwelu akauliza.

"Amelazwa," Wanja akasema. "Mama, ungeniandikia tu ukweli. Ungesema ni yako. Ningekuletea."

Mwelu hakujua kama angeletewa kweli. Alichojua ni kwamba, kama ujumbe huo angeandikiwa yeye, huenda angemfungia kwenye simu aliyeutuma na kutafuta mnunuzi mwingine.

Mwezi wa tano kesi ilitupwa kwa kukosa ushahidi. Jeff hakupatikana. Mwelu alirudishiwa mashine yake, sindano zikiwa zimeshikana kwa kutu. Alimpigia Wanja, akamwambia aje wafanye kazi pamoja, wagawane kitakachopatikana.

"Sitaki hata kuiona," Wanja akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Mtoto ametoka hospitali, lakini hana nguvu. Wacha nikae naye."

Akakata simu. Mwelu aliketi kibandani, akamimina mafuta kwenye kisosi, akaanza kuchomoa sindano moja moja na kuzisugua. Msimu wa baridi ulikuwa umeingia, na watoto wa shule walihitaji sweta.