Kivuli cha Baba Nadine

Najua mtacheka kusikia mtu asiye na unywele hata mmoja wa mvi akisema amestaafu. Lakini kazi yangu ilizeeka kabla yangu, ndiyo maana nawasimulia ninyi mnaotengeneza kadi za besdei kwa simu mkiwa mmejilaza.

Nilianza kwenye studio ya picha, mtaa wa Rusimbi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, na aliyejifunza mwenyewe huishi akiogopa kugunduliwa. Kazi ilikuwa kukata picha, yaani kumtoa mtu mahali alipopigwa, kisha kumpanga na wenzake kwenye bango la sherehe. Mimi nilikata unywele kwa unywele. Bosi alisimama nyuma yangu akiguna.

"Dogo, mtoto atafikisha kumi bado unamsafisha masikio."

Baadaye alinihamishia kibanda chetu cha Kidahwe, kando ya barabara ya Kasulu. Nilifanya kazi peke yangu na kulala humo humo, nyuma ya pazia. Besdei yangu ilipita nikiwa nakoleza rangi ya keki ya mtu mwingine. Sikumwambia mtu.

Ndipo akaja Mama Nadine, aliyekimbia Burundi na bintiye mgongoni. Mumewe alibaki nyuma, na habari zake hazikuja tena. Alinipa picha ya mumewe, amesimama uani peke yake, na nyingine ya kwake na mtoto.

"Muweke karibu na mtoto. Shemeji zangu watakuja kwenye besdei ya Nadine. Wanataka tumwekee matanga. Mimi nimekataa."

Kukata hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni jua: kivuli cha baba kililala kushoto, cha mtoto kulia. Kila nilipokigeuza kilionekana cha uongo. Mwishowe nikakifuta, nikalainisha udongo miguuni pake. Niliona nimefanya kazi safi kuliko zote.

Mama Nadine alipokuja kulichukua bango, alilitazama muda mrefu.

"Shikamoo, mama. Kuna kasoro?"

"Marahaba. Mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kirundi, "kivuli chake umekipeleka wapi?"

Nikamweleza habari za jua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mimi na Nadine tunavyo. Yeye peke yake hana, kama mzimu. Shemeji zangu wakiona hivi, si nitakuwa nimekubali kwamba amekufa?"

"Lakini kitaanguka upande usiofaa, mama."

"Kiache kianguke. Huko aliko, jua lake si hili letu."

Nikakirudisha kama kilivyokuwa, nikachapa bango upya. Jioni ile nikasikia vigelegele kutoka kwao. Matanga hayakuwekwa. Nadine aliniletea kipande cha keki kwenye sahani ya bati, akakimbia kurudi. Nilikila nyuma ya pazia.

Wateja walipoisha, bosi aliniambia nifunge kibanda. Kabla ya kufunga niliiegemeza kamera kwenye kiti, nikajipiga picha mlangoni. Ilitoka imepinda, na nywele zangu hazikukaa vizuri. Sikugusa kitu. Nilichotazama kwanza ni chini, miguuni pangu.