Pijo Iliyoingia Bomani Kinyumenyume

Ukifika Nyarero na gari limekukatalia, usihangaike kuuliza fundi yuko wapi. Fungua boneti, simama kando, ujifanye unaelewa. Kabla hujamaliza kujikuna kichwa atatokea mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka, spana mfukoni, naye atakutajia ugonjwa wa gari lako hata kabla hujafungua mdomo. Huyo ni Mokami, binti wa mzee Nashoni Werema. Wanaume wageni hucheka kwanza, kisha hulipa, na wakirudi mara ya pili huwa hawacheki tena.

Namna Mokami alivyoupata ufundi huo ni hadithi ambayo watu wa pale huifufua kila wanapotaka kumtania baba yake. Tangu mwaka themanini na moja mzee Nashoni alikuwa na gari aina ya Pijo 404, ile ndefu ya safu tatu za viti, rangi ya maziwa. Siku hizi ukitaka kuiona gari ya namna hiyo labda utazame picha za harusi za wazazi wako. Alibeba nayo abiria kati ya Tarime na Mugumu. Kijiti chake cha gia kilikaa kwenye shingo ya usukani, na kirungu cha kijiti kilipovunjika, mzee alichonga kingine kwa pembe ya dume lake mwenyewe. Kila akitaka kugeuza gari stendi, alipiga honi tatu fupi. Abiria wote walishuka, wakaisukuma Pijo kurudi nyuma huku wakiimba, wakapanda tena, safari ikaendelea. Mokami alipopanda naye wakati wa likizo za shule, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka chini. Utotoni mwake hakujua mchezo mtamu kuliko huo.

Mwaka elfu mbili na mbili Mokami akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi Musoma. Mwaka huo huo ugonjwa wa ndigana ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa nyumbani, na kilichobaki cha kuuza kilikuwa kimoja tu. Mzee akauza Pijo. Yaani aliuza gari ili binti yake akajifunze kutengeneza magari! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mpaka leo wapo ambao hawajapumzika.

Tangu siku hiyo Nashoni hakupanda gari la mtu, hata lililotoka mikononi mwa binti yake. Alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli akiwa na haraka. Hakuwa na kinyongo. Ukimuuliza alijibu kwa upole, "Mimi ni dereva. Uabiria sijajifunza." Mokami alilisikia jibu hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mara lilimchoma mahali pale pale. Sasa baba yake alikuwa na miaka sabini na tisa. Mokami alitamani jambo moja tu: amwone tena ameshika usukani, na usukani wenyewe uwe ule ule.

Tatizo ni kwamba Pijo ilikuwa imepotea. Mara ya mwisho ilionekana Robanda, ikibeba kuni za kambi moja ya watalii, kisha habari zake zikakatika.

Januari mwaka jana Mokami alikwenda Matongo, kwenye yadi ya vyuma chakavu ya bwana mmoja aitwaye Thadeo, kutafuta bampa ya pikapu ya mteja. Alikuwa akiruka mabaki ya mitambo na mapipa alipoona paa la gari limezama kwenye majani. Kuku wawili walitoka dirishani kwa hasira. Magurudumu hayakuwepo, taa hazikuwepo, kiti cha nyuma kilikuwa kimegeuka kichuguu. Mokami akaingiza kichwa ndani ili ajue tu ni gari gani. Kwenye shingo ya usukani kulikuwa na kirungu cha pembe.

Alikishika. Akakaa pale pale kwenye vyuma, akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Dada, umejikata?" Thadeo akamuuliza.

"Hapana. Hii unaiuza?"

"Hiyo inakatwa Jumatatu. Mtungi wa gesi umeshakuja."

Walibishana mpaka jua likawa utosini. Mwishowe Thadeo akakubali kubadilishana na injini mbovu ya lori iliyokuwa imelala gereji kwa Mokami, maana kwenye mizani ilikuwa nzito kuliko Pijo nzima. Trekta likaibeba kwenye trela mpaka Nyarero, nayo ikafunikwa turubai.

Mama yake Mokami, bi Kezia, alipoletwa kuiona kwa siri, aliizunguka mara mbili akaipapasa boneti. "Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini," alisema. "Mtengeneze, mwanangu. Lakini tata yako asijue mpaka atembee." Tata kwao ni baba. Hilo "atembee" alilisema juu ya gari, kama anayesema habari za mgonjwa.

Basi Mokami akaianza kazi. Mchana alitengeneza bodaboda na pikapu za watu, jioni ile saa moja ya mwanga iliyobaki akaipa Pijo. Injini ilikuwa imeshikana. Aliimwagia dizeli kwenye matundu ya plagi, akaiacha wiki mbili inywe, na siku alipoizungusha kwa mkono ikakubali robo duara, alicheka peke yake. Kabureta aliipata Sirari kwa fundi mmoja aliyeitumia kuzuia mlango wa duka usijifunge. Taa zilivuka mpaka kutoka Migori ndani ya mfuko wa vitumbua. Kutu ya sakafuni aliikata yote, akachomelea bati jipya, akalipiga nyundo mpaka likakaa. Kirungu cha pembe hakukigusa, ila alikipaka samli kikang'aa.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni rivasi. Gia za kwenda mbele ziliingia zote vizuri, lakini ya kurudi nyuma ilinguruma tu bila kushika. Aliteremsha giaboksi mara tatu. Meno ya gia hiyo yalikuwa yamelika yakawa laini kama kokoto za mtoni, na spea yake haikupatikana Tarime, Musoma wala ng'ambo. Mara ya tatu aliifunga giaboksi akatupa spana chini. "Gari linakwenda mbele," alijiambia. "Nani ana haja ya kurudi nyuma?"

Kuhusu siri, siri gani kijijini? Kila siku ya gulio mzee Nashoni alipita mbele ya gereji na fimbo yake. Siku moja akasimama.

"Kile chini ya turubai ni nini?"

"Ni trela, tata. La trekta."

Mzee akaliangalia turubai kwa muda. "Trela lina pua," alisema, akaenda zake.

Mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameshavunwa, Pijo ikapakwa rangi ya maziwa. Jumapili moja asubuhi Mokami akavaa gauni, jambo lililowashtua watu kuliko gari lenyewe, akawasha. Injini ilikohoa mara mbili ikaitika. Alipopita kituoni, vinyozi waliacha vichwa nusu wakatoka nje. Mama wa maandazi akapunga mwiko. Mpaka anakaribia nyumbani kwao, nyuma yake kulikuwa na pikipiki sita na msururu wa watu wanaokimbia.

Mzee Nashoni alikuwa amesimama kwenye lango la boma. Hakusogea. Mokami akazima injini, akashuka.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba."

Mzee akaizunguka gari polepole. Akapiga teke tairi. Akaingiza mkono dirishani, akakifunika kirungu cha pembe kwa kiganja chake.

"Ndiyo yenyewe," alisema. Kisha akautoa mkono. "Lakini hapa haiingii."

Miezi yote ile, kutu yote ile, na mzee anaikataa mbele ya kijiji.

"Haiingii hivyo," mzee akaendelea. "Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Mnyama aliyenunuliwa tunamwingizaje?"

Hapo ndipo Mokami alipokumbuka. Kwa akina Werema mnyama mgeni haingii bomani kwa kichwa. Anaingizwa kinyumenyume, makalio mbele, macho yakitazama nje, ili aiage njia aliyojia na asiifuate tena. Mbuzi huingizwa hivyo, ng'ombe huingizwa hivyo, hata jogoo hushikwa akageuzwa.

"Mwaka ule niliinunua, nikaiingiza kwa kichwa," mzee alisema. "Nilisema hiki ni chuma, hakina macho. Baba yangu alinikanya. Umeona? Iliondoka. Leo itaingia kinyumenyume, au italala nje."

Mokami akainamisha kichwa. Fundi kuaibika mbele ya wateja wake ni jambo gumu, lakini kumdanganya baba ni gumu zaidi. "Tata, haina rivasi. Nimeifungua mara tatu. Imenishinda."

Mzee akamtazama. Mdomo ukaanza kumcheza, mabega yakatikisika, kisha akacheka kicheko ambacho bi Kezia alisema baadaye hajakisikia tangu mwaka wa mauzo.

"Rivasi?" alisema akipangusa machozi. "Mwanangu, rivasi haikuwepo hata siku niliyoinunua! Unadhani kwa nini niliiingiza kwa kichwa? Unadhani wale watu Mugumu walikuwa wanasukuma kwa nini?"

Mokami akajipiga kiganja kwenye paji la uso. Fundi wa miaka ishirini kazini, mwenye kusikia ugonjwa wa injini kwa sikio, na hakuwahi kujiuliza hata siku moja. Utotoni ilikuwa ngoma na nyimbo. Nani huuliza kwa nini watu wanaimba? Akaanza kucheka naye, kwanza kwa aibu, halafu kwa raha tupu.

"Sasa tutafanyaje?" akauliza.

"Waleteni Diwani na Bwana Shamba," mzee akaamuru.

Hao walikuwa maksai wake wa kulimia. Diwani aliitwa hivyo kwa sababu huanza mtaro kwa nguvu na kulala katikati. Wakafungwa nira, mnyororo wa plau ukapigwa fundo kwenye bampa ya nyuma, vichwa vyao vikaelekezwa ndani ya boma. Mokami akamkabidhi jirani fimbo ya kuswagia, kisha akaelekea mlango wa dereva.

"Unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Kushika usukani, tata. Lazima mtu aelekeze."

"Unalijua lango hili kwa kinyumenyume?"

"Silijui."

"Basi pisha."

Akaingia. Alikaa kama mtu aliyetoka kununua sigara akarudi. Akavuta kijiti cha gia kikaja katikati, akageuza shingo nyuma, akagonga mlango kwa kiganja. Maksai wakavuta. Pijo ikaanza kurudi taratibu, pua yake ndefu ikiitazama barabara, na watu wakaanza kuimba. Mokami alitembea mbele ya boneti, uso kwa uso na gari, akimwona baba yake nyuma ya kioo ameshika usukani ule ule. Alilia, na hakujali nani anamwona.

Diwani alilala langoni, kama kawaida yake. Wakati wanambembeleza ainuke, Mokami akagundua jambo. Lango lilikuwa pana. Baada ya Pijo kuuzwa mzee alilibana kwa nguzo mpaka likawa la ng'ombe mmoja mmoja. Sasa nguzo mbili zilikuwa zimehamishwa, na udongo wa mashimo ya zamani ulikuwa umeshashindiliwa, majani yameota.

"Mama, lango limepanuliwa lini?"

"Tangu mwezi wa tatu," bi Kezia alijibu. "Nilimuuliza anapanulia nini. Akaniambia kuna trela linakuja."

Juma lile lile, siku ya gulio, mzee alivaa koti, akapiga honi nje ya nyumba ya binti yake. Bi Kezia alikuwa ameshaketi nyuma na kikapu. "Panda," mzee alimwambia Mokami. Akapanda, mbele, kushoto, kwenye kiti chake cha likizo. Mzee aliendesha polepole mpaka gulioni, mkono mmoja ukiwasalimu watu wa pande zote mbili, na hakuna aliyethubutu kumtania. Alisimama mbele ya duka la chumvi. Kulia kulikuwa na mkokoteni, kushoto magunia ya dagaa, mbele ukuta.

Mzee akautazama ukuta. Akapiga honi tatu fupi.

Kabla hajafikiri, Mokami alikuwa ameshafungua mlango, ameruka chini, na kuweka mikono yote miwili kwenye boneti.