Mti wa Mbinzo wa Papa

Papa, baba yetu, alikuwa mtu wa milimani, kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyekuja Kisangani kuuza chumvi, sabuni na vitenge. Mama ni binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto. Kitu kimoja tu kiliwagombanisha mezani: mbinzo, wale viwavi wa msituni ambao Mama aliwakaanga kwa pilipili. Papa alisema kwao mdudu hupigwa kiatu, hapewi sahani.

Vita vikambadilisha ulimi. Boti ziliacha kupanda mto, nyama ikaadimika sokoni. Msimu wa kwanza alionja mbinzo moja, macho kayafumba. Msimu uliofuata aliuliza mwenyewe zitakuja lini.

Hazikuja. Mvua ilichelewa, na wanawake waliokwenda kuokota walirudi na vikapu vitupu.

“Miti haiyatoa majani mupya,” Mama alimweleza. “Kipepeo haiwezi kuweka mayai juu ya muti yenye njaa.”

Alipokuwa msichana, alisema, kiangazi kilikuwa kifupi, msitu haukujua kiu. Siku hizi hata miti mikubwa ilipukutisha majani kabla ya wakati.

Papa alilisikiliza jambo hilo kama mfanyabiashara aliyekosa mzigo.

“Bon. Nitapanda yangu.”

Akaenda nje ya mji, akarudi na mche wa ule mti wa mbao nyekundu unaopendwa na mbinzo. Ulikuwa na urefu wa mwiko.

“Papa ya watoto,” Mama akasema, “hiyo mbinzo utaitafuna na meno ya nani?”

Jua lilipozidi, aliufungulia mche mwavuli wa dukani. Majirani walipita wakiuliza mgonjwa ameamkaje. Papa alijibu bila kutabasamu: “Iko na jani moja mupya.”

Kisha mabomu yakaanza kuanguka mjini. Tulikimbilia kanisani, tukajibana chini ya viti. Siku milio ilipotulia kidogo, Papa alitoweka. Alirudi suruali imejaa matope, na Mama akamuuliza alikuwa wapi.

“Kumwangia muti maji.”

Mama akalia, kisha akacheka, akashindwa kuacha, mpaka padri akaja kuuliza kuna nini. Watu waliokuwa karibu nasi wakaanza kucheka pia, bila kujua wanacheka nini.

Mwavuli ulitobolewa na vipande vya bomu, mche ukapona. Ulikua polepole kuliko sisi watoto. Mwaka wa ukame haukuongeza kitu, mwaka wa mvua nzuri uliruka. Leo umelipita bati la nyumba kwa mbali.

Mbinzo zimeupanda mara moja tu, nywele za Papa zikiwa zimeshakuwa nyeupe. Mama alitoka na sufuria, akamkuta mzee amesimama mbele ya shina.

“Hizi ziache zikuwe kipepeo,” Papa alisema.

Mama alikwenda sokoni, akanunua mbinzo za watu wengine, akazikaanga. Papa akala sahani mbili, akaomba pilipili.