Fundi wa Karema aliyekataa kuunda boti inayovuja

Saa mbili asubuhi, ufukweni Karema, Melkiadi Kalunga amepiga magoti kando ya boti mpya. Anachovya pamba kwenye mawese, anaisokota, kisha anaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo.

"Fundi, umeingia kwenye sinema!" mvuvi mmoja anamtania akipita na nyavu. "Sasa sisi utatuundia boti za maigizo?"

"Lete mbao uone," anajibu bila kuinua kichwa.

Boti hiyo imeagizwa na watengenezaji wa filamu ya maisha halisi, kuhusu watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita Kongo. Melkiadi, mwenye miaka 36, ni mmoja wao. Alivuka kutoka Moba akiwa na miaka tisa, pamoja na mama yake, Odeta, kwenye boti kuukuu iliyobeba watu arobaini. Njia nzima mama alichota maji kwa sufuria na kuyarudisha ziwani. Watu watatu hawakufika.

Ufundi alifundishwa hapa hapa Karema. Boti moja humchukua wiki tano, naye hubakiwa na kama shilingi laki nne. Ameshaunda kumi na tisa. Hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kuvuja.

Ndiyo maana mwezi uliopita yeye na Shadia, mwongozaji wa filamu kutoka Dar es Salaam, walishindwa kuelewana. Shadia alitaka boti inayovuja, ifanane na ile ya zamani.

"Dada, boti inayovuja siundi. Pwani hii kila mtu anaujua mkono wangu."

"Kaka Melki, ni ya picha tu. Watapanda dakika kumi."

"Hata dakika moja. Si watu watakuwa ndani?"

"Basi nitatafuta fundi mwingine."

Melkiadi alikusanya vifaa vyake akaenda nyumbani, huku akijua malipo yale yangeezeka nyumba ya mama yake. Siku tatu simu haikuita.

Siku ya nne Shadia alirudi mwenyewe. Mafundi wengine wawili wa Karema walikuwa wamemkatalia. "Wamesema kama Melki amekataa, wao ni nani waikubali?" anasimulia Shadia akicheka. "Nikamuuliza Melki, sasa maji ya kwenye picha nitayapata wapi?"

"Ziwa lote hili, dada?" Melkiadi alimjibu. "Chukueni ndoo, mmwage ndani nyie wenyewe."

Hivyo ndivyo itakavyokuwa. Picha zikishapigwa, boti itabaki kwa fundi kama sehemu ya malipo. Ameshaanza kushughulikia hati za safari, kwani anataka kumpeleka mama yake Moba akamwone dada yake aliyebaki huko.

Tangu walipovuka, Mama Odeta hajawahi kukanyaga chombo cha majini. Alhamisi iliyopita alishuka ufukweni, akaizunguka boti mara mbili, kisha akaomba ashikwe mkono. Akapanda, akakaa kwenye ubao wa katikati, boti ikiwa bado juu ya mchanga.

"Mpigieni dada yangu," akasema. "Mwambieni aanze kuloweka mihogo."