Baba Mkubwa Awe wa Kwanza

Diploma yangu ya sheria niliipata Brussels, mchana darasani, usiku nikipanga makasha katika ghala moja la Anderlecht. Sikusomeshwa na mtu. Kwa hiyo shangazi alipopangiwa upasuaji wa moyo kule kule, nilijua familia ingenisikiliza mimi.

Shangazi alitaka jambo moja: mambo yakiharibika, asiwekwe kwenye mashine ya kupumulia. Nilimweleza kwamba sheria ya Ubelgiji ya haki za wagonjwa imefanyiwa marekebisho. Anaweza kuteua watu kadhaa wa kumsemea akishindwa kusema, mradi aseme nani wa kwanza, nani wa pili. Na akiandika mwenyewe kwamba anakataa mashine, daktari lazima aheshimu, hata wasemaji wake wakipinga. Karatasi zote mbili nilizitayarisha, kwa Kifaransa safi.

"Tumpigie kwanza yaya," akasema. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa; huyo ni kaka yake, baba yangu mkubwa, wa Lubumbashi.

Hapo ndipo nilipochoka. Kwetu watu hupangwa kwa umri, si kwa diploma.

"Bon, wa kwanza ni mimi," baba mkubwa akanguruma kwenye simu tulipomweleza.

"Baba, daktari akupigie Lubumbashi wakati mgonjwa yuko mezani?"

"Mutoto, mimi nilikufundisha kuvaa suruali! Na hiyo mashine, waiwashe. Muntu wa kwetu haandiki kifo chake."

"Ndiyo, yaya," shangazi akajibu kwa upole ulionichoma.

Nikaandika jina la baba mkubwa juu, langu chini. Kalamu nusura itoboe karatasi. Kusoma kote kule, halafu niwe nyuma ya mtu anayezima simu akilala mchana!

Shangazi akatia saini, akahakikisha simu imekatika.

"Heshima yake nimempa. Alors, leta ile ya mashine."

Akajaza kukataa kwake kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akatia saini.

"Hii yaya asiijue."

Upasuaji ulikwenda vizuri, na shangazi bado yuko Brussels. Mimi nilirudi Lubumbashi. Kila sherehe baba mkubwa huwaambia wageni kwamba madaktari wa Ulaya hawawezi kumgusa dada yake bila yeye kuruhusu. Kisha hunigeukia: "Si ndivyo, mwanasheria?"

Nami, na diploma yangu yote, hujibu, "Ndivyo, baba."