Milango ya Mama: Mtaa wa Zamani, Nachingwea

Mdogo wangu Zuhura alinipigia simu nikiwa sokoni Morogoro. Hakuanza na salamu. "Dada, njoo umtoe Mama. Sisi ametushinda."

Mama anaishi Nachingwea, kwenye mtaa wenye nyumba zilizojengwa enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza. Nilipokuwa mdogo mtaa ule ulikuwa kimya, wa wazee na mbuzi wao. Siku hizi umeamka. Korosho na madini vimeleta wageni, na wageni wanataka kula na kulala. Zuhura amefungua mgahawa kwenye baraza la nyumba yetu. Jirani yetu Neema, mfanyabiashara aliyetokea Singida, anajenga nyumba ya kulala wageni, na shimo la choo chake lilikuwa linachimbwa karibu kabisa na ukuta wa chumba cha Mama. Ukuta ulikuwa umeanza kupasuka, mvua nazo zimeanza, na Mama hataki kuhama chumba. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Ikaonekana labda mimi atanisikia.

Alfajiri ya siku ya pili nilikuwa Dar es Salaam, ndani ya basi la kusini. Njia nzima hadi Lindi nilitazama mawingu. Kila nilipoona jua nilishukuru, na kila kilipotanda kiwingu nilimpigia Zuhura. Mwisho akaacha kupokea, nadhani alikuwa anapakua chakula.

Nanganga tuliacha barabara kuu tukashika ya Ruangwa. Mikorosho ilikuwa imeoshwa na mvua, majani yanang'aa. Mama mmoja mfanyabiashara wa ufuta, aliyekaa pembeni yangu, aliniuliza kama nina mgonjwa.

"Hapana, mama. Nina mzazi mbishi."

"Basi huyo mzima," akasema. Akateremka Ruangwa mjini, mahali ambapo nyumba mpya za mabati ya rangi zinaota kila upande.

Kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea mvua ilitukuta. Tulipofika kwenye mchepuko uliopita bondeni, maji yalikuwa yanavuka njia, mekundu, yamebeba matawi. Dereva alizima gari akashuka. Abiria wakagawanyika: wengine wanasema vuka, wengine wanasema ukithubutu tunashuka. Hapo hapo simu yangu ikaita.

"Dada, ule ufa sasa naingiza mkono," Zuhura alisema.

Nilimfuata dereva. Nikamwambia mama yangu yuko hatarini.

"Nimekusikia, dada yangu," akanijibu bila kuondoa macho kwenye maji. "Lakini humu ndani nina watoto. Tutasubiri."

Tulisubiri. Sijawahi kumchukia mtu aliyesema kweli kama nilivyomchukia yule dereva. Maji yalipopungua alivuka taratibu.

Jioni, Nachingwea. Mtaa ulinipita machoni nisiutambue: banda la chipsi palipokuwa na mti wa mkungu, duka la kahawa, muziki kwenye nyumba ya marehemu fundi viatu. Watu wamejaa kwenye baraza letu wanakula ugali wa muhogo na mbaazi. Mama nilimkuta chumbani, kitandani kwake, mgongo umeegemea ukuta ule ule.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wamekuita uje kunibeba?"

"Mama, ukuta huu utaanguka."

"Umeniozesha wewe kwenye nyumba hii? Baba yako ametokea chumba hiki kwenda kuzikwa. Huyo binti ahamishe choo chake, mimi sihami."

Nikaenda kwa Neema. Nilikwenda nimeshapanga maneno makali. Nikamkuta amekaa juu ya tofali, macho yamemwiva. Alisema kiwanja ni chembamba, fundi ndiye alimwonyesha pale, na kila alichokuwa nacho kiko ndani ya ule ujenzi. "Nimemwomba Mama alale kwangu mpaka tumalize. Amenifungia mlango." Nikamwomba asimamishe kuchimba. Akaniahidi kesho watachimba kidogo tu, wafike mwisho, wajenge. Sikuridhika, ila nilichoka. Usiku ule nililala pembeni ya Mama, nikisikiliza vumbi likidondoka ukutani.

Asubuhi hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mchana, watu wakiwa wanakula, tulisikia kishindo kizito, kama gunia limetupwa kutoka ghorofani. Kisha mtu akapiga kelele: "Bakari! Bakari yuko ndani!"

Bakari ni mchimbaji, kijana wa Mandawa, alikuwa anakula kwa Zuhura kila siku. Upande wa shimo ulikuwa umemeguka ukamfunika hadi kifuani. Kichwa na mkono mmoja tu ndivyo vilivyoonekana. Alikuwa anapumua kwa shida, na juu yake ukuta wa chumba cha Mama umeinama kama mtu anayechungulia.

Wanaume walirukia majembe. Udongo mwingine ukamwagika, ukamfikia shingoni. Wakarudi nyuma wote. Neema alikuwa anasema "Mungu wangu, Mungu wangu" bila kukoma. Tulihitaji mbao za kuzuia udongo, na mbao zake zote zilikuwa zimeshatumika ndani ya zege.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama nyuma yangu.

"Ng'oeni milango."

Hakuna aliyemwelewa. Akafoka: "Milango yangu! Ng'oeni! Mnataka niing'oe mimi?"

Milango ya nyumba ile ni ya mninga, mizito, Baba alikuwa akiipaka mafuta kila mwaka. Vijana wa chipsi waliing'oa yote, wa chumbani, wa stoo, mpaka wa mbele. Waliiteremsha shimoni ikazuia udongo pande zote, wakaikaza kwa vitanda na miti. Wengine wakaweka magogo kuegemeza ukuta. Mimi na Zuhura tuliingia na sufuria na sahani za mgahawa, tukawa tunachota udongo kumzunguka Bakari, polepole, huku nikiogopa hata kutazama juu. Mama alipiga magoti ukingoni akimwita kwa Kimwera, na kila alipoitwa alijibu. Safari moja hakujibu. Mama akamtukana. Akajibu.

Tulipomtoa mguu wake ulikuwa umevunjika, lakini analia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni. Walimpeleka hospitali kwa bajaji. Haukupita muda mrefu magogo yakateleza, ukuta ukashuka wote juu ya milango ya Mama. Tuliona kitanda chake kwa nje, na kanga zake kwenye kamba.

Mama akajikung'uta udongo magotini. "Haya," akasema. "Zuhura, leo nalala kwako."

Nilikaa siku chache. Neema alifukia shimo akaanza jingine upande wa pili, na mafundi wake wakaanza kuinua ukuta wetu. Hajasamehewa. Mama anamsalimia tu, lakini juzi alimpelekea bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini. Mgahawa umehamia chini ya turubai.

Siku ya kuondoka nilipita hospitali. Simu ya Bakari ilikuwa imebaki shimoni, pamoja na namba zote za kwao. Akaniomba nipitie kwao Mandawa, nipeleke begi lake lenye zawadi za watoto, nimwambie mama yake asiwe na wasiwasi. Nikalichukua.

Kutoka Ruangwa nilipanda bodaboda hadi Mandawa, njia ya vumbi lililoloa. Mama yake alikuwa uani anatwanga. Aliniona mimi, mwanamke asiyemfahamu, nimejaa matope. Kisha akaliona begi. Mchi ukamponyoka. Akakaa chini, mikono kichwani, na kutoka ndani ya nyumba mke wa Bakari akatoka mbio akiwa ameanza kulia.

Mimi, mjinga wa mjini, nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza: nilitaka nisalimie, nijitambulishe, nieleze shimo. Dereva wa bodaboda ndiye aliyepaza sauti kwa Kimwera. Ghafla yule mama akanishika mikono yote miwili, akaniuliza kwa Kiswahili cha taabu:

"Mzima?"

"Mzima, mama. Mzima kabisa. Amevunjika mguu tu."

Akarudia kuniuliza, nami nikarudia kumjibu, mpaka tukawa tunacheka. Tangu siku hiyo nimejifunza: ukifika kwa watu na mzigo wa mtu wao, salamu ingoje. Neno la kwanza liwe mzima.